Miguu ya Savilla Riehl

Mimi kinyaa nimezaliwa nacho. Wengine wamejaliwa sauti, wengine mkono wa kuoka mkate, mimi nimepewa pua. Na Mungu, sijui kwa kunikomoa, akaniweka ubavuni mwa Savilla Riehl, mke wa marehemu kaka yangu. Savilla alinizidi umri kwa wiki tatu tu.

Wiki tatu hizo ndizo zilizonimaliza. Sisi wanawake wa Kiamishi, Wakristo wa mashamba na farasi tunaoshika ya kale, tunaketi ibadani kwa umri, na siku ya Meza ya Bwana, Aprili na Oktoba, tukishamaliza mkate na divai tunaoshana miguu wawili wawili, vile tulivyoketi. Huchagui. Miaka arobaini na minne, kila nikigeuka na beseni, ni Savilla.

Na miguu yenyewe, toba! Theluji ikiyeyuka tu, anavua viatu mpaka mahindi yavunwe. Alifuga kuku themanini, na nina hakika kila mmoja alimwachia zawadi katikati ya vidole. Kucha nyeusi, visigino vimepasuka ungeweza kupanda viazi. Sisi wengine siku ya Jumamosi tunajisugua nyumbani kwa jiwe na sabuni ya mafuta ya nguruwe, ili kesho yake mwenzako aoshe kilichokwisha kuoshwa. Savilla hajisumbui.

"Wifi, jamani, hata maji huna?" nilimnong'oneza mwaka mmoja, nimebana pua, wenzetu wanaimba.

"Nikinawa nyumbani wewe utaosha nini, Lomie? Utaosha usafi?" Akacheka, na meno ya mbele hana.

Nilimchukia kwa jibu lile. Nilichukia pia anavyotafuna kwa kelele, anavyofuta pua kwa aproni kisha anakata pai kwa mikono ileile. Aka! Nilikuwa nasema sina njaa.

Lakini farasi wake alimuuza alipofiwa, na tangu hapo popote penye shida alikwenda kwa miguu hiyohiyo. Mwanamke yeyote akifa, Savilla ndiye anayemwosha. Mzee Yost Glick alipolala miezi saba anajiharishia, wanawe walisukumiana mlangoni, kila mmoja ana ng'ombe wa kukamua. Savilla alitembea maili tatu kila asubuhi kumgeuza na kumbadilisha. Siku moja nilimsindikiza. Nilifika hadi kizingitini tu, nikaishia uani natapika. Nikamsikia Yost analia kwa aibu, na Savilla anamwambia, "Nuka tu, mzee wangu. Na mimi nanuka kuku. Tumekutana."

Sasa nije Oktoba ile. Wiki mbili kabla ya Meza, shemasi alipita kwa kila mmoja, kama desturi, kuuliza kama ana amani na Mungu na watu wote. Nikajibu ninayo. Mwongo mkubwa mimi!

Siku yenyewe tulikutana katika karakana ya Emanuel Beiler, maana sisi jengo la kanisa hatuna. Savilla alikuja akichechemea. Alikuwa amekanyaga msumari bandani, naye ana sukari, na kila mtu kwetu anajua kidonda cha mwenye sukari si cha kuchezea.

"Kinapona?" nikamuuliza.

"Kinapona, kinapona. Kaa."

Zamu yetu ilipofika nikainama. Mguu wa kulia ukatoka msafi! Umesuguliwa, unanukia sabuni. Mara ya kwanza katika miaka arobaini na minne. Kisha pua yangu ikafanya kazi yake. Chini ya ile sabuni palikuwa na harufu nyingine, ya nyama iliyosahauliwa kabatini. Nikatazama mguu wa kushoto. Haukuvuliwa soksi, na soksi yenyewe ilikuwa imelowa upande wa vidole.

"Huu mmoja unatosha," akaninong'oneza. "Huo uache, Lomie. Leo unanuka kwelikweli. Sitaki nikutapishe mbele za watu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi! Nikauosha ule msafi, naye akaosha yangu. Tukasimama, tukabusiana kama inavyotupasa. "Bwana awe nasi," nikasema. "Amina, kwa amani," akajibu. Nikatoka haraka kuvuta hewa.

Hakuna mwingine ambaye angeuona mguu ule. Anaishi peke yake katika kijumba nyuma ya nyumba ya mwanawe, na mwanawe akimwona amesimama anaona mama ni mzima. Ni mimi tu niliyepiga magoti mbele ya ile soksi. Novemba wakamkata mguu chini ya goti. Daktari akasema angeletwa wiki mbili nyuma, vingeondoka vidole viwili basi.

Watu wakamiminika na supu na pai. Wakamsifu: mvumilivu, hakulalamika hata siku moja, mfano wa kuigwa. Msyuu! Angelalamika kwa nani? Kwangu mimi, mwenye kubana pua? Nimenusa mizoga, nimenusa mashimo ya samadi, lakini sijawahi kunusa uvundo kama ule niliojinusa mwenyewe miezi ile.

Nikaenda kumwomba radhi, nalia.

"Nilishakusamehe kitambo," akasema. "Chemsha chai."

"Basi niruhusu nikufunge hicho kidonda."

"Mkwe wangu anafunga. We kaa, nipe habari za watu."

Aprili ikafika. Safari hii nilijiandaa. Niliomba Mungu anipe mavi ya kuku, anipe kucha nyeusi, aniletee chochote, nami nisiikunje sura. Savilla akaingia kwa magongo, akajitupa kwenye benchi pembeni yangu.

"Umepunguziwa kazi, wifi," akasema, akacheka na pengo lake.

Nikapiga magoti nikavuta soksi. Mguu mweupe, kucha zimekatwa, kisigino kimesuguliwa mpaka kimekuwa chekundu.

"Nani kakusugua hivi?"

"Mwenyewe. Umenichukua asubuhi nzima, maana sina mguu wa kuegemea," akasema. "Sikutaka kukukera."

Nikauosha taratibu, vidole vyote vitano, kimoja kimoja, nikarudia tena. Maji yalibaki meupe vilevile nilivyoyamimina.