Bismillahi kwenye Mlango wa Kamyo

Kaka yangu mkubwa anapoteza macho. Daktari alimweleza kwamba ni presha ya macho, na kwamba sehemu iliyokwisha kuzimika haitarudi. Matone anayotiwa yanachelewesha tu giza kufika kwenye sehemu iliyobaki. Anaona katikati peke yake, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Tunamshukuru Mungu kwa kilichobaki. Lakini siku aliyotoka kwa daktari, kaka hakutaja Makka, wala nchi ya wazee wetu huko Maniema. Alisema anataka kuiona tena kamyo yake.

Kamyo ndivyo tunavyoita lori hapa Lubumbashi. Yake ilikuwa ya jeshi, na aliiendesha tangu ujana hadi alipostaafu, akipeleka unga na mapipa ya mafuta Kipushi, Mokambo na kwingineko walikokaa askari. Ilikwisha zamani kukatwakatwa na kuuzwa chuma. Picha yake haipo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kupiga picha gari la jeshi. Mwanawe anayeishi Ubelgiji alipopata habari, akatuma sanduku. Ndani yake mlikuwa na lori la aina ileile, la plastiki, vipande vipande, la kuunganisha kwa gundi, ambalo likikamilika halizidi shibiri moja.

Kuunganisha hakukunisumbua. Nimefundisha watoto Kurani karibu maisha yangu yote, na mkono unaoweza kuandika herufi ndogo unaweza kubandika taa ya lori. Nikalipaka rangi ya kijani iliyofifia, nikamwonyesha kaka Ijumaa baada ya sala.

Aliishika, akaizungusha mbele ya lile bomba lake la kuonea, akairudisha mezani.

“Hii iko kamyo ya bazungu,” alisema.

“Yaya,” nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, “ni aina ileile. Tazama pua yake.”

“Pua naona. Alama iko wapi? Kamyo bila alama iko kama askari bila kofia. Nitajua je kama iko yangu?”

Alikuwa na haki. Sanduku lilikuja na karatasi ya dekali, yaani zile picha nyembamba zinazolowekwa katika maji, zikaachia karatasi, zikatelezeshwa juu ya gari mpaka zikae mahali pake. Zilikuwa nyota na namba za jeshi la nchi nyingine. Kamyo ya kaka ilikuwa na duara jeupe katika kila mlango, na ndani ya duara kichwa cheusi cha palahala, yule mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma. Na chini ya dirisha la dereva kulikuwa na Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, ambayo niliiandika mimi mwenyewe.

Nakumbuka vizuri. Kaka alipita nyumbani kwa wazazi wetu, mtaa wa Bel-Air, akaegesha kamyo mbele ya ua, akasema mkubwa wake amemruhusu kuandika kitu kidogo. Mimi nilikuwa bado kijana ninayesoma dini. Nikaandika kwa rangi nyeusi iliyobaki baada ya kupaka lango. Katika kumbukumbu yangu, ile ilikuwa kazi ya kwanza nzuri kutoka katika mkono huu. Ndiyo maana nilipomsikia kaka akiuliza alama, niliona hii ni zamu yangu, nikamwahidi kwamba ataiona kabla macho hayajafunga.

Yule mwanawe wa Ubelgiji alikuwa ametuma pia karatasi chache tupu za dekali. Nikachora duara na palahala kwa ukubwa wa kawaida, na Bismillahi juu yake, nikapeleka kwa mama mmoja mwenye chumba cha kuchapisha karibu na barabara. Yeye huchapa vyeti vya kuzaliwa, mialiko ya harusi na kazi za wanafunzi, na watu humsimamia mgongoni kuanzia asubuhi. Nilimweleza apunguze mchoro uingie katika mlango usiozidi nusu ya kibiriti.

“Papa mwalimu, hii kitu iko ya nini?”

“Ya mlango wa kamyo.”

Akaangalia kipimo nilichomwandikia, akaniangalia mimi. “Na dereva wake anaingia namna gani?”

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, nami nikacheka. Kicheko kiliniisha nilipofika nyumbani. Mashine yake haina wino mweupe. Pale nilipochora weupe haikuweka kitu, na duara lilipokaa juu ya kijani likawa kijani. Basi, nikalipaka duara jeupe mwenyewe kwa brashi, kwenye milango yote miwili, nikingoja likauke, nikilifuta kila lilipokuwa kama yai. Kisha nikabandika palahala juu yake, pamoja na Bismillahi upande wa dereva. Nikamwita kaka.

“Huyu wa upande wa kuume iko muzuri,” alisema. “Wa upande wa dereva anakimbia.”

“Anakimbia wapi?”

“Anarudi nyuma! Kamyo inaenda Mokambo, yeye anarudi Lubumbashi. Nyama ya jeshi inaangalia mbele, shehe. Mbele, pande zote mbili.”

Huniita shehe anapotaka kunichokoza. Nilimwambia ni jambo dogo, na kwamba macho yake hayapaswi kuchoka kwa pembe za mnyama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama nimechoka niache, yeye atakumbuka tu. Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Nikaikwangua dekali ya upande wa dereva, na rangi ya mlango ikabanduka pamoja nayo, nikaupaka upya na duara lake.

Nikarudi kwa yule mama, nikamwomba ageuze mchoro, palahala atazame upande wa pili. Umeme ukakatika karatasi ikiwa nusu ndani ya mashine, ikatoka na mistari. Karatasi tupu moja ikapotea hivyo. Siku ya pili umeme ulikuwepo, akachapa, akanipa huku akizungumza na mteja mwingine. Palahala alikuwa amegeuka vizuri kabisa. Na Bismillahi nayo ilikuwa imegeuka.

Simlaumu. Kwake ni mchoro, na mchoro niliuomba ugeuzwe. Lakini mimi nilisimama pale barabarani nikiwa nimeshika jina la Mwenyezi Mungu likisomeka kinyumenyume, pikipiki zinapita, nikahisi moto kichwani. Na siwezi kuitupa. Karatasi yenye Jina haitupwi jalalani. Nikaikunja, nikaiweka katika mfuko wa kifuani, na nyumbani nikamkata palahala pembeni, Bismillahi nikaitia katika chupa safi, pamoja na ile ya kwanza niliyoikwangua na ile yenye mistari. Chupa ilikaa dirishani ikinitazama.

Hapo nikaamua kuachana na mashine. Palahala aliyegeuka nilimbandika peke yake, akatazama mbele. Bismillahi nitaiandika kwa mkono, nikasema, moja kwa moja juu ya karatasi tupu ya dekali. Nikachonga kalamu ya mwanzi, nyembamba kuliko zote nilizowahi kuchonga. Nikakoroga wino wangu wa masizi na gundi ya mti, ule ninaoandikia watoto mbao zao za Kurani. Nikavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikashika pumzi. Herufi zilikaa kama zinavyotakiwa, sini ikiwa na meno yake yote, na nukta ya ba chini yake kama ncha ya sindano. Mke wangu alipita, akasimama, akasema, “Baba batoto, hii sasa iko muzuri.” Yeye hasifu ovyo.

Nikaiacha ikauke, nikaikata, nikaitia katika kisahani cha maji.

Ilichukua muda wa kupangusa miwani. Niliporudisha macho, maji yalikuwa na wingu la kijivu na karatasi ilikuwa tupu.

Nilikaa nikiangalia kile kisahani nikitaka kupiga meza. Maana huo wino ndivyo ulivyo. Tunaukoroga ili uoshwe. Mtoto akihifadhi somo lake, ubao huoshwa, na somo jingine huandikwa. Mgonjwa akiandikiwa aya, wino huoshwa na maji yake hunywewa. Maisha yangu yote nimejivunia wino usioshikilia ubao, kisha nikautia majini nikitegemea ushikilie.

Kaka alipoelezwa, hakucheka. Aliuliza, “Ile mayi iko wapi?”

“Ipo, bado kisahanini.”

“Leta nikunywe. Pengine itasaidia macho.”

“Yaya, mna gundi ya dekali ndani yake. Itakuharibu tumbo.”

“Tumbo iko muzima. Macho njo inaugua.” Njo ni ndiyo ya hapa kwetu.

Nilimkatalia, na kumkatalia mgonjwa maji ya Bismillahi si jambo jepesi. Nikayapeleka uani, nikayamimina chini ya mpapai, mahali ambapo mguu haukanyagi, kwa sababu hayo pia hayamwagwi mferejini. Nilijaribu tena kwa wino mzito zaidi, na maji yakaenda tena mpapaini. Nikajaribu kuharakisha, nitoe karatasi kabla wino haujaachia, na dekali ikajikunja kama jani lililoungua.

“Mutazame,” mke wangu alimwambia kaka, “kila siku anamwangia mupaipai Bismillahi. Ile mupaipai itaishia kuzaa mapine, matairi ya gari.”

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona jambo ambalo wao hawakuliona: alipotaka kuchukua kikombe chake cha chai, mkono wake ulipita pembeni, ukarudi, ukakitafuta. Wiki chache nyuma alikuwa akikichukua bila kufikiri. Usiku ule katika sala niliomba subira, na nakiri niliiomba kama mtu anayedai.

Dawa ilitoka kwa mke wangu. Alikuwa na kichupa cha verni ya kucha, ile isiyo na rangi, aliyoachiwa na binti yetu. “Unafunika ukucha, rangi haitoki hata ukifua nguo,” alisema. “Funika na ile maandiko yako.” Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha karatasi tupu, kidogo kuliko stempu. Nikaandika. Nikapaka verni pole pole, bila kurudia mahali. Nikaiacha ikauke mpaka kesho yake. Nikaitia majini, nikisoma kimoyomoyo kile kile nilichokiandika.

Maji yalibaki safi. Bismillahi ikaachia karatasi yake, nikaitelezesha chini ya dirisha la dereva, nikaikandamiza kwa kitambaa chenye unyevu. Nikapaka verni kidogo juu yake. Ukingo haukuonekana. Nilipopitisha kidole, hakikukwama popote. Ungesema herufi zilizaliwa pamoja na mlango. Nilishukuru Mungu kwa sauti, peke yangu.

Kaka alikuja Ijumaa. Nilimketisha uani kwenye jua, nikamtilia kamyo mikononi. Aliileta karibu na uso. Akakutana na duara, akatabasamu. Akaigeuza, akamwona palahala wa pili.

“Ehe. Huyu sasa anaenda Mokambo.”

“Angalia chini ya dirisha, yaya.”

Aliangalia. Akaisogeza kushoto, kulia, akaiinua juani. Nikamshika kiwiko, nikaelekeza kamyo mbele ya jicho lililo bora. Aliendelea kutafuta, na kadiri alivyotafuta ndivyo nilivyojua.

“Sioni,” alisema.

“Ni nyeusi juu ya kijani. Na ni ndogo. Ngoja, nikuletee lensi.”

“Hapana, mudogo wangu. Acha.” Akatia ukucha wa kidole chake chini ya dirisha, akapapasa. “Lakini hata hapa haiko. Iko laini.”

“Ni lazima iwe laini! Hiyo ndiyo kazi yenyewe!” Nilipaza sauti, na nilijisikia nikipaza. “Kazi yote hii ni ili isishikike!”

Akangoja nimalize. Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia miaka yote hiyo. “Lakini mimi sikukuwa naiona hata wakati ule. Mimi nilikuwa ndani, yenyewe iko inje. Kabla ya kuwasha motere nilikuwa natoa mkono mu dirisha, nashika. Uliipakaa rangi mingi, ilikuwa nene kama makovu. Nilikuwa naisoma na kidole. Kisha naenda.”

Niliichukua kamyo, nikaingia ndani. Nilikasirika, sitaandika kwamba sikukasirika. Nilimkasirikia kaka kwa kutosema, nikajikasirikia kwa kutouliza, na hata ile verni niliikasirikia kwa kufanya kazi vizuri. Kisha nikachukua rangi nyeusi ya mafuta iliyokuwa imeanza kuganda ndani ya kopo, nikachovya ncha ya mwanzi, nikaandika juu ya ile dekali yangu, herufi juu ya herufi. Rangi ilikuwa nzito na haikutii. Ilivimba na kuenea mpaka nje ya mahali pake, meno ya sini yakashikana, na nukta ikawa kubwa kama kichwa cha njiti ya kibiriti. Ile nzuri ikafunikwa yote. Niliacha ikauke siku kadhaa, bila kuitazama.

Ijumaa iliyofuata kaka alikaa kiti kile kile. Hakuileta usoni. Aliiweka gotini, akashusha mkono wake wa kushoto pembeni, kama mtu aliyekaa juu na dirisha liko wazi, akatafuta mlango kwa kidole. Kilifika, kikasimama, kikatembea pole pole kutoka kuume kwenda kushoto.

“Njo hii,” alisema. “Iko mubaya vilevile.”

“Mbaya namna gani? Ile ya zamani ilikuwa nzuri.”

“Nani alikudanganya? Ilikuwa imepinda, shehe. Askari wote walikuwa banacheka. Mukubwa wangu aliuliza kama ni mbuzi njo aliandika.”

Mke wangu alianza kucheka jikoni. Mimi nilikuwa bado nataka kubishana, lakini kaka alikuwa amekwisha kurudisha kidole mwanzo, kwenye ba, na midomo yake ilikuwa inatembea.