Jina Ambalo Mama Hakuliimba

Kila mwaka wa uchaguzi, gari la matangazo linapopita mbele ya duka langu pale Korogwe, spika zikikoroma kabla hazijatoa neno la maana, wateja hukimbilia mlangoni. Hucheka na kukata viuno. Mimi hugeuka nikajifanya napanga vitenge. Mnivumilie, maana hadithi hii siisimulii nikiwa nimepoa.

Nilikuwa darasa la nne, tukikaa mbele kidogo ya Magoma, baba alipochukua fomu ya udiwani. Babu yake aliletwa kutoka mbali kukata mkonge, akazikwa hukuhuku. Baba alizaliwa hapo, akasoma hapo, akaoa Msambaa wa Bungu, ndiye mama. Sikuwahi kujiuliza sisi ni watu wa wapi. Nilijua tu kwamba baba akishinda kura za maoni ndani ya chama, atasimama kwenye uchaguzi mkuu, siku ileile nchi inapomchagua rais, na nyumba yetu itaitwa kwa diwani. Shuleni nilikwisha kuwaringia wenzangu.

Mpiga debe wake mkuu alikuwa Baba Juma, jirani yetu. Kila jioni alikaa barazani kwetu akila ugali kwa kisamvu cha nazi, akimhakikishia baba kwamba hana mpinzani.

"Wewe lala usingizi, Baba Sofia," alisema akilamba vidole. "Hawa watu wote ni wangu."

Nampa haki yake, hapo hakusema uongo.

Siku ya kura, kwenye uwanja wa shule, wasimamizi waliamua wanachama wapange mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Baba alisimama mbele kuielekea meza, amevaa shati lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Mara likasomwa jina la pili: Baba Juma. Kumbe alichukua fomu siku ya mwisho, kimyakimya, huku akiendelea kula kwetu.

"Samahani, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Wazee wamenisukuma. Wanasema kata haiwezi kupewa mtu wa kuja."

Wagombea walikatazwa kugeuka nyuma. Sisi watoto tulikuwa upande wa meza, kwa hiyo niliuona uso wa baba na kila kilichotokea mgongoni kwake. Niliwaona wote wakimpita kwenda nyuma ya Baba Juma. Alipita mwalimu wangu. Akapita mwanamke ambaye mama alimuuguza mwezi mzima alipojifungua. Nyuma ya baba alibaki mama, akabaki shangazi, na mzee mmoja kiziwi ambaye hadi leo nadhani hakupata habari. Na baba alikuwa anatabasamu. Niliamini hajui, kwamba anadhani vishindo vile vinakuja kwake. Nilitaka kumpigia kelele ageuke, nikakumbuka amekatazwa.

Nyumbani baba alisema hiyo ndiyo siasa, yaishe. Mama alikwenda jikoni. Alisugua sufuria mpaka nikaionea huruma.

Wiki chache baadaye zikaja habari kwamba mgombea urais atahutubia Korogwe mjini. Mama ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kikundi cha akina mama, na wimbo wao ndio uliotakiwa jukwaani. Baba Juma akabisha hodi, kofia mkononi.

"Mama Sofia, kura za maoni zimekwisha. Sasa tuvunje makundi."

"Tumevunja, shemeji," mama alisema kwa upole ulionitia hofu. "Kaa, ule."

Akala tena! Mtu yule alikuwa na koo la ajabu.

Wimbo ulikwenda hivi: mama anamtaja mgombea urais, kisha wa ubunge, kisha madiwani kata kwa kata. Ukitajwa, unainuka, unacheza hadi jukwaani, na mgombea urais anaushika mkono wako anaunyanyua juu watu wakuone. Siku hiyo sauti ya mama ilikuwa kali na safi. Akaita wa Bungu, akaenda. Ikafika kata yetu. Baba Juma alikwisha kunyanyuka kwenye kiti, kofia mpya, mikono ameitandaza kama anapokea mtoto. Mama akafunga mdomo. Ngoma ikalia, makofi yakalia, nafasi ya jina lake ikapita tupu, na mama akaita kata iliyofuata.

Mtu yule alibaki ameinama nusu, hakusimama wala hakukaa. Akajidai anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa makubazi. Watu walicheka uwanja mzima, nami nilicheka hadi machozi. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile, wala sioni aibu kusema hivyo.

Udiwani aliupata, chama kilimbeba. Lakini kila alipopita, watoto tulipiga makofi ya wimbo ule, tukifika penye jina lake tunanyamaza. Kiongozi nilikuwa mimi. Muhula haukuwa umekwisha vizuri alipouza shamba akahamia Handeni, ambako naye akawa mtu wa kuja.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa mzee, nilimkumbusha jinsi mama alivyomlipizia, wakati yeye siku ile ya mstari alisimama anatabasamu bila kujua lolote.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Miguu inayokukimbia unaisikia. Lakini wewe ulikuwa mbele yangu, na midomo ilishaanza kukutetemeka. Ningefanyaje?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda la mbuzi, mtu mzima mimi.

Siku hizi naambiwa Baba Juma anaumwa, hatoki kitandani, nifike Handeni nimjulie hali, nimsamehe. Kura ningemsamehe. Hata ule ugali ningemsamehe. Lakini alimfanya baba yangu atabasamu vile kwa ajili yangu, na hilo simsamehe.