Baba wa Kuazima

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nilipoamka mapema, nikavaa sketi iliyopigwa pasi ya makaa, kisha nikaenda kumwazima mtega fuko awe baba yangu. Usicheke bado. Wakati wa kucheka utafika, na mimi nitacheka pamoja nawe, maana kisa hiki nimekicheka tangu bendera yetu ikiwa mpya hadi leo, nina wajukuu wanaonifundisha kubonyeza simu. Ila asubuhi ile sikuwa na kicheko hata kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kila nilichokitumainia duniani kilikuwa katika barua moja niliyoificha ndani ya sidiria.

Nakueleza haya, ingawa si mimi niliyekuzaa, kwa sababu nilikusikia juzi pale dukani. Yule bwana anayeandikisha vijana wa mafunzo ya umeme alikuuliza baba yako yuko wapi, nawe ukamwambia amesafiri kwenda Nanyuki. Baba yako hakusafiri. Nilikuwa nimempita muda si mrefu, amelala kwenye nyasi kando ya kiwanda cha kahawa, nikamfunika uso kwa kofia yake kwa sababu ya jua. Sikukusuta mbele ya watu. Mimi ni nani wa kukusuta, niliyemvalisha mtu mwingine koti la baba?

Baba yangu alikuwa mtu mzuri hadi saa nne asubuhi. Nasema hivyo bila kejeli. Kabla ya saa nne alikuwa amekamua ng'ombe, amekata majani, ameimba wimbo mzima wa kanisa akiwa peke yake zizini. Baada ya saa nne miguu yake ilielekea kilabuni, na ikishafika huko, mwenye miguu hakuwa na neno tena. Ilianza na muratina, ile pombe ya asali ambayo wazee walinywa kwenye sherehe. Halafu sherehe zikawa kila siku, na asali ikawa chochote kilichokuwa ndani ya debe. Sisi huku Tetu tulimjua kila mlevi kwa jina na kwa wimbo wake, na tuliishi nao kama tunavyoishi na mvua.

Lakini mvua haikutoi shuleni. Mdogo wangu Kimani aliacha masomo darasa la sita ili amchunge baba, kama mtu anavyochunga ndama mtundu. Mimi niliendelea kwa sababu mama alinishikilia, lakini kuna mitihani niliyoifanya nikiwa nasinzia, na kuna asubuhi nilizofika darasani masomo yakiwa nusu, kwa kuwa nilikuwa nimetumwa kutafuta viatu vya baba mtaroni. Walimu waliponiuliza, nilisema ng'ombe amezaa. Ng'ombe wetu alizaa mara nyingi sana mwaka ule.

Nilipomaliza shule, niliomba nafasi katika chuo cha ualimu. Barua zetu zilipitia sanduku la posta la mwenye duka. Barua ilipokuja, mwenye duka akampa baba, kama ilivyokuwa desturi. Nami nikangoja. Nilingoja hadi chuo kikafunguliwa, nikadhani sikutakiwa. Halafu siku moja jirani yetu mmoja akafungua ugoro wake mbele yangu, na kwenye kipande cha karatasi kilichofunga ule ugoro nikasoma jina langu: Nyambura, lililopigwa kwa taipu vizuri kabisa. Barua yangu iligawanywa kilabuni, kila mzee akapata kipande chake. Nilikwenda nyuma ya ghala la mahindi nikalia, kisha nikanawa uso, nikaingia jikoni kupika. Sikumwambia baba neno. Mwaka mzima sikumwambia, nikajiona mtoto mwenye adabu.

Sasa unaelewa kwa nini barua ya pili niliificha nilipoificha. Hiyo ilitoka chuo cha wauguzi mjini Nyeri. Ilisema nifike Jumatatu nikahojiwe, na niandamane na baba mzazi aweke alama yake kwenye fomu. Siku hizo alama ya mama haikutosha, ingawa mama ndiye aliyechuma majani chai na kunilipia shule. Basi nikaapa kwamba hii ya pili haitafungiwa mtu ugoro.

Ndipo nikamfuata Mzee Gakuru. Kazi yake ilikuwa kutega fuko mashambani kwa fito na kamba, mtu mpole, hanywi, na hakuwa ameenda mjini miaka mingi. Alikubali haraka, kwa ahadi ya chai na mandazi katika hoteli yenye viti. Nilimvalisha koti la kanisani la baba. Njiani nikamfundisha: una shamba la kahawa, una ng'ombe wawili, mimi ni mzaliwa wako wa kwanza. Akarudia yote vizuri. Mwanangu, nilijiona mwerevu kuliko wasichana wote wa Tetu.

Tulipokewa na Matroni mwenyewe, mama wa makamo mzaliwa wa Kutus, amevaa nyeupe kuanzia kofia hadi viatu. Hakuwa mkali. Alituketisha, akatusalimia taratibu, akasoma karatasi zangu.

"Mzee, wewe unafanya kazi gani?"

"Mimi niko na shamba ya kahawa," akasema Gakuru, kifua mbele.

"Na kahawa yako inasumbuliwa na nini sana?"

"Fuko," akasema Gakuru.

Matroni aliinua macho. Gakuru naye, akiona amesikilizwa, akaanza kueleza jinsi ya kutambua shimo ambalo fuko amelipita asubuhi, akaingiza mkono mfukoni na kutoa kamba ya mtego ili aonyeshe. "Nyambura, shika hapa," akaniambia. Nikashika. Ningefanya nini? "Nyambura, vuta kidogo. Sasa Nyambura, achilia."

Matroni akaweka kalamu chini.

"Msichana, hapa umeandika wewe ni mzaliwa wa kwanza. Hilo jina Nyambura ni la nani?"

"La nyanya yangu, mama ya baba."

"Na huyu ndiye baba yako?"

"Ndiye."

"Basi nieleze. Tangu mmeingia ameniita mimi mama, hata yule wa kufagia huko nje amemwita mama. Wewe peke yako, uliye na jina ya mama yake mzazi, anakuita Nyambura kama karani akiita watu wa kibarua. Baba gani wa kwetu anaita mama yake hivyo?"

Mwanangu, nilihisi sakafu imeondolewa. Wewe ni wa huku, unajua. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na tangu siku hiyo baba humwita *maitu*, mama yangu. Hata mtoto wa kunyonya anajua. Gakuru alijua, maana yeye mwenyewe ana binti anayemwita hivyo. Tulikuwa tumekariri ng'ombe na kahawa, tukasahau neno moja. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba baba yangu, hata siku aliyolala mtaroni, hata siku asiyojua kama ni Jumanne au Krismasi, hajawahi hata mara moja kuniita kitu kingine. Nilimwinua kutoka matopeni naye akisema, "Asante, maitu."

Nikaanza kulia, nikasema yote. Gakuru akakunja kamba yake polepole, akavua koti la baba, akalikunja vizuri juu ya magoti.

Matroni alinisikiliza hadi mwisho, akanipa kitambaa. Kisha akanikemea, na kemeo lile nalikumbuka kuliko masomo yote niliyosoma baadaye.

"Hapa wodini nitakupa walevi wa kuosha," akasema. "Karibu kila wiki wanaletwa. Kama unaona haya ya wako, wa watu wengine utawashika namna gani? Na kitu kingine. Leo umeniletea baba wa uongo kwa sababu umeogopa. Kesho mgonjwa akipanda joto na wewe umechelewa kumpima, si utaniandikia joto ya uongo kwa sababu umeogopa? Huyo mgonjwa atakufa, msichana. Mimi siwezi kuweka mtu kama huyo kwa wodi yangu."

Nilisimama kutoka. Akaniambia niketi.

"Alhamisi asubuhi niletee baba yako. Akiwa mzima, mlete. Akiwa amelewa, mlete amelewa. Mimi nataka kuona kama unaweza kusimama kando yake. Usipokuja naye, hiyo nafasi nampa mwingine."

Gakuru alipata chai yake na mandazi. Ahadi ni ahadi. Alikula manne na kuniambia kwamba angefanya vizuri kama asingeulizwa juu ya kahawa.

Kesho yake, kabla ya saa nne, nilimkuta baba akikamua. Nikachuchumaa upande wa pili wa ng'ombe, maana ilikuwa rahisi kusema nisipomwona uso. Nikamweleza kuhusu Matroni. Nikamweleza kuhusu Gakuru. Baba akaacha kukamua.

"Ulichukua mtega fuko badala yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na koti yangu?"

"Ndiyo."

Akacheka, nami nikadhani tumeokoka. Kisha kicheko kikakatika, akauliza kwa sauti ndogo, "Maitu, kwa nini hukuniambia tu?"

Nikakasirika. Hasira ya mwaka mzima ilinitoka pale zizini, ng'ombe akageuza kichwa kunitazama. Nikamwambia ya barua ya kwanza, na ugoro, na jina langu lililopigwa taipu. Baba hakujua. Hakuwa anajua kusoma, na siku ile alidhani ni tangazo la mnada. Mwaka mzima nilikuwa nimembebea chuki kwa kosa ambalo hakuwahi kuambiwa. Aliweka ndoo chini na kukaa juu ya kigogo, mikono juu ya magoti, na hakuimba asubuhi hiyo.

Sitakudanganya kwamba aliacha pombe siku hiyo. Alikunywa Jumanne, na Jumatano akanywa kidogo. Alhamisi aliamka kabla yangu, akanyoa ndevu, akajikata mahali pawili. Tulikwenda kwa miguu. Tulipokaribia kilabu aliniomba nipite upande ule wa barabara, nikawa ukuta kati yake na mlango. Alikuwa akitetemeka na kutoka jasho ingawa baridi ya mlima ilikuwa inauma masikio. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni walitutazama, nami kwa mara ya kwanza niliwasalimia wote bila kuinamisha kichwa. Mwanangu, kumbe aibu ni mzigo unaoweza kuuweka chini, na barabara ikabaki palepale.

"Wewe ni nani?" Matroni akamuuliza.

"Mimi ni baba ya huyu," akasema. "Huyu ni maitu."

"Unakunywa?"

"Nakunywa. Jana nilikunywa. Leo bado."

Matroni akampa chai yenye sukari nyingi, akasubiri mikono itulie kidogo. Haikutulia. Basi akaishika fomu kwa mikono miwili ili isisogee, na baba akabonyeza kidole gumba. Alama ilitoka pana kama ya watu wawili. Matroni akaitazama, akaipuliza wino ukauke, akaniambia nirudi mwezi unaofuata na viatu vyeupe.

Jioni baba alilewa kwa furaha, akatangazia kilabu kizima kwamba mama yake anakuwa daktari. Miaka ilipita kabla hajaacha kabisa. Aliacha, akarudia, akaacha tena. Kimani alipata kazi akiwa mtu mzima tayari, ya kuendesha lori la majani chai kule Naro Moru, na mpaka leo akiona kitabu hukishika kama kitu cha kuazima. Hilo bado linaniuma, na wewe ulijue. Lakini siku niliyohitimu, jina langu liliposomwa, sauti ya mzee mmoja ilipanda kutoka viti vya nyuma: "Maitu!" Watu wakageuka kumtafuta bibi kizee. Nikasimama mimi, kofia kichwani, nikicheka na machozi yakinitoka.

Basi sikia ninalokuomba. Ulevi wa baba yako si wako, usiubebe kwenye fomu zako. Barua zako zichukue mwenyewe. Mtafute mtu mzima mmoja, mwalimu au mimi huyu, umwambie ukweli kabla hujachelewa darasani mara ya kumi. Anayekupa kazi anaweza kumvumilia baba mlevi, lakini akikukamata na uongo mmoja hatauliza wa pili. Na baba yako umwambie yanayokuuma, umwambie asubuhi, akiwa yeye. Usimngojee apone ndipo uishi. Nenda kasome, naye atakufuata kwa hatua zake.

Yule bwana wa umeme anarudi Alhamisi. Nitakuwa pale dukani. Baba yako mlete alivyo, nami nitasimama upande ule wa barabara wenye kilabu, niwe ukuta kati yake na mlango.

Lete mikono nikutemee mate, kama nyanya zetu walivyobariki. Uende ukasome, ufanye kazi ya kweli, na mikono yako isipungukiwe. Na siku jina lako litakaposomwa mbele za watu, Mungu amweke baba yako macho, alisikie na aliitikie.