Nililikanda Goti Lililoshonwa

Goti la mwanangu nililiharibu mimi. Majirani zetu wa Ruhuwiko walitafuta mchawi aliyemroga, nami nikawa naitikia! Hata kuandika naona aibu.

Binti yangu, nimwite Skola, alicheza netiboli sekondari. Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoanza, bado kulikuwa na mashirika ya umma yenye timu, na mchezaji hodari alipata ajira humo. Ndiyo ilikuwa ndoto yake. Shida ilikuwa ile pia, kifupa cha mbele ya goti: akigeuka ghafla, inahama pembeni. Daktari wa misheni akampasua, akaishona ikae, akamfunga hogo la plasta mguu mzima.

Hogo lilipofunguliwa, lo! Mguu umekonda kama mpini wa jembe, goti halikunjiki.

"Atalikunja mwenyewe taratibu, mama," daktari alisema. "Asicheze kwanza, wala asikandwe."

Asikandwe? Mimi niliyekanda kwa maji ya moto wazazi waliojifungua, nusu ya mtaa! Nilimwona kijana tu, anajua nini yule?

Uchaguzi wa timu ulikaribia, nami roho juu. Nikachemsha maji ya chumvi, nikalikanda lile goti, kisha nikaushika mguu na kuukunja kwa nguvu.

"Mama, basi! Mama, inaachia!"

"Vumilia! Ndiyo kupona huko."

Kitu kikalia ndani ya goti. Skola alinitazama tu.

Nikamkimbiza hospitali saa ileile. Daktari alipoona pia imehama tena, alimgeukia Skola. "Umecheza, siyo? Si nilikukataza?"

Skola akaniangalia, akangoja. Mikono yangu bado ilikuwa myekundu kwa maji ya moto. Nikainamisha kichwa.

"Ndiyo, daktari," akasema. "Nilicheza."

Mungu wangu! Nikamwacha agombezwe mbele ya wagonjwa. Alipasuliwa mara ya pili, lakini uwanjani hakurudi tena. Hadi leo akipanda ngazi anashika ukuta.

Miaka ikapita, Skola akajifungua. Nikabeba sufuria yangu hadi kwake Matogoro nikamkande, kama mama yeyote. Akanipokea vizuri, "Shikamoo, mama," akanipakatisha mjukuu. Nilipoinuka kubandika maji, akanizuia kwa upole.

"Mama, wewe kaa na mtoto. Nitakandwa na mama mkwe."

Sufuria nilirudi nayo kavu.

Wazazi wenzangu, daktari akisema msikande, msikande! Na ukikosea, sema palepale, mtoto anapokuangalia. Mimi niliangalia chini.