Ndoano za Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye shimo la wazi huko Shinyanga, Mpima Mkuu alinikabidhi kioo kidogo nikakifunge ukingoni. "Utakipiga mwanga kila asubuhi," alisema. "Kikihama, ujue ukingo umehama." Nilidhani ananitania. Baadaye nilijionea kwenye vipimo ukuta wa mwamba ukiegemea taratibu, huku macho matupu hayaoni kitu.

Kisha nikahamishiwa mgodi wa chini ya ardhi, upande wa Geita. Huko mwamba ukitobolewa, uzito wa juu huhamia kwenye kuta zilizobaki. Uzito huo, yaani mkandamizo, tuliupima kwa kifaa kilichozamishwa kwenye tundu la mwamba. Kusogea kwa kuta tulikupima kwa ndoano mbili za chuma zilizotazamana, na utepe wa chuma uliovutwa kati yake. Utepe ukifupika, ujue kuta zinakaribiana na njia inajifunga.

Wachorongaji, wale wanaotoboa mwamba, walizipenda ndoano hizo. Walitundika makoti, mifuko ya chakula, hata vidumu vya maji. Ndoano ikipinda, kipimo kinadanganya.

"Baba Kulwa, umetuwekea kabati halafu unatununia," aliniambia Masanja, mchorongaji mwenyeji wa Didia.

"Tundika kichwani kwako."

"Kichwani kuna kofia ya kampuni, mzee. Nayo haitaki mzigo."

Alicheka, lakini tangu siku hiyo aliacha kutundika, akawa anawakemea na wenzake.

Asubuhi moja utepe ulifupika kwenye njia yao. Nilimwendea Meneja wa Uzalishaji, nikamwomba awatoe watu.

"Wametundika tena," alisema bila kuinua macho.

"Nimezikagua, bosi. Zimenyooka. Na mkandamizo tunduni unapanda."

"Zamu iishe kwanza."

Paa liliporomoka zamu haijaisha. Tulipomfikia Masanja, alikuwa ameshakufa. Mfuko wake wa chakula ulikuwa chini, kando ya buti zake.

Taarifa ya mgodi ilisema vipimo havikuaminika kwa sababu wachorongaji walitundika mizigo kwenye ndoano. Huko kwao ikavuma kwamba ni Masanja. Meneja alipandishwa cheo. Mimi niliendelea kupima njia nyingine mpaka nikastaafu.

Siku hizi mitambo hutuma vipimo yenyewe hadi ofisini. Vizuri. Ila ofisini bado kuna mtu anayeamua avisikilize au avipuuze.

Nikienda mnadani Didia, mjane wa Masanja huniamkia, kisha huuliza swali lile lile.

"Ni kweli yeye ndiye aliyetundika?"

"Hapana, mama. Mfuko wake tuliukuta chini."

"Mimi najua," husema, akitazama watu waliojaa mnadani. "Waambie hao."