Wimbo Uliotoka Chumbani

Tabia binti Mwinjuma alikuwa kungwi. Siku za kawaida alisuka ukili nyuma ya nyumba yake, na harusi ilipowadia aliitwa kumfunda bibi harusi. Sauti yake haikuwa nzuri. Waliomwita walimwita kwa kuwa alijua kufunga mdomo. Tangu amrithi mama yake kazi hiyo, hapakuwa na neno la chumbani lililowahi kukutwa njiani mjini Bagamoyo.

Miaka michache kabla ya vita vya Hitla, Husseni mwenye mkahawa karibu na soko alinunua santuri Darisalama, akarudi nayo pamoja na sahani tano za nyimbo. Nne hazikumshughulisha mtu. Ya tano ilikuwa na sauti ya mwanamke na fidla nyuma yake:

*Mgeni wa usiku mvue kanzu,*
*Mpe maji, mpe mkeka,*
*Usimpe usingizi.*

Wanaume walicheka hata kahawa ikawapalia. Vijana wa Mbegani walikuja kwa miguu kuisikia. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliwachapa watoto wawili waliouimba njiani, na baada ya sala ya Ijumaa mzee mmoja alisimama akasema hayo ni maneno ya malaya wa mjini, asiyasikilize Mwislamu. Kesho yake mkahawa ulijaa kuliko jana, na mzee yule yule alionekana amekaa karibu na mlango, akingoja mvua ipite. Mvua haikuwapo.

Wanawake hawakucheka. Siku ile ya kwanza Tabia alikuwa anatoka sokoni na kikapu cha dagaa. Aliposikia, mguu ulikataa kwenda. Mbele yake Mwanajuma, kungwi mwenzake, naye alikuwa amesimama. Ng'ambo ya njia, Mina muuza vitumbua, naye pia kungwi, aliuacha upawa hewani, kitumbua kikaungua. Wakatazamana, kisha kila mmoja akageuza uso haraka. Maana wimbo ule kila mmoja alifundishwa siku ya harusi yake, mlango umefungwa, akaapishwa asiutamke nje, hata kwa mume. Sasa ulikuwa unatoka katika tarumbeta la bati mbele ya wachuuzi wa samaki. Nani aliyeutoa?

Tabia alikuwa na hofu ya pili, nayo hakumwambia mtu. Sauti ile ilipopanda ilivunjika kidogo, kama ya Ashatu. Ashatu alikuwa binti wa dada yake, na bibi harusi wa kwanza aliyemfunda. Aliachika, akaenda Darisalama, na watu walisema huimba kwenye kumbi. Lakini santuri ile ilikwaruza. Ndani yake sauti ya mtu yeyote ingevunjika. Tabia alilala na jambo hilo, akaamka nalo. Kama mwanafunzi katoa siri, lawama ni ya aliyemfunda. Hiyo ndiyo desturi, na kungwi aliyelaumiwa haitwi tena.

Hakukawia kuona mambo yanabadilika. Akipiga hodi, aliitikiwa kwa ndani na mlango haukufunguliwa. Alipokwenda kununua vitumbua, Mina alimfungia taratibu mno.

"Na Ashatu hajambo huko aliko?"

"Hajambo."

"Anakula nini mjini, maskini, hana mume?"

"Anakula anachopata."

"Aa, mwenye sauti hakosi," akasema Mina, akamtazama machoni.

Kisha akaitwa na Bi Zuleha, mkubwa wa makungwi wote, mwanamke mzito wa mwili na wa maneno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Harusi ya Somoe imekaribia." Somoe alikuwa mwanamke mzima, aliyechelewa kuolewa kwa kumuuguza mama yake, na mama huyo kabla ya kufa aliomba mwanawe afundwe na Tabia. "Chombo kikivuja, mwanangu, hakitiwi maji. Pengine safari hii afunde Mwanajuma."

Mwanajuma alikuwa mkwe wake Zuleha. Tabia akalimeza hilo, akasema, "Nimevuja wapi, bibi?"

"Sijasema umevuja. Tutaisikiliza sahani hiyo sote, tuijue sauti. Ikiwa ya mtu wako, utatuachia ngoma yetu, wala hutafunda tena."

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Husseni akaleta santuri nyumbani kwa Zuleha, akaiweka juu ya kigoda, akazungusha mpini wake hadi ikajaa. Makungwi walikaa mikekani wamejifunika.

"Haya, toka," akasema Zuleha. "Nenda mbali."

"Ikilala ataizungusha nani, shangazi?"

"Basi kaa barazani. Na uzibe masikio."

"Nikiziba masikio nitajuaje imelala?"

"Toka!"

Mlango ukafungwa. Sindano ikashuka, mwanamke akaimba. Tabia aliona kuwa hakuna aliyekuwa anaitazama santuri. Macho yote yalikuwa kwake, yakingoja uso wake useme. Akaung'ata upindo wa kanga, akatazama mkeka.

Ubeti ukaisha, fidla ikajibu peke yake, ubeti ukarudi. Chumbani kwa bibi harusi wimbo ule hauimbwi hivyo. Kungwi huanza, na wote walioegemea ukuta humjibu kwa pamoja. Aliyeimba kwenye sahani alikuwa ametoa ubeti wa kungwi tu, akaacha kiitikio. Mahali pake aliweka fidla. Lakini wanawake wale walikuwa wameuitikia wimbo ule tangu ujana wao. Ubeti wa pili mabega yakaanza kucheza. Zuleha alifumba macho, kiganja kikipiga paja. Ubeti wa tatu ulipofika kwenye "usimpe usingizi", akafungua kinywa:

"Alale kwao!"

"Alale kwa mama yake!" wakaitika wote, Mwanajuma juu ya wote, na vigelegele juu yake.

Kisha kila mmoja akaziba kinywa. Fidla iliendelea yenyewe. Nje barazani mtu alikohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Nani kaanza?" akauliza Zuleha.

Mina alijifanya anatafuta kiatu chake.

"Husseni!" Zuleha akaita. "Umesikia nini?"

"Sikusikia kitu, shangazi! Nimeziba masikio!"

Alasiri ya kesho yake, fidla ilipofika mahali pake pale mkahawani, wanaume wote walijibu kwa sauti moja, "Alale kwao!", na sauti ikafika hadi kwenye visima. Wimbo ulikuwa umekamilika.

Jioni hiyo Zuleha akaja mwenyewe kwa Tabia, jambo asilolifanya kwa mtu. Hakuketi.

"Somoe ni wako. Mimi ile sauti sikuijua ni ya nani. Mashine inakwaruza."

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe hukuona nani kaanza."

"Nilikuwa natazama mkeka."

Zuleha akaondoka. Tabia alibaki mlangoni akijiuliza kama amesafishwa au amefungwa kamba. Tena akajiuliza: je, Zuleha, aliyeyashika maneno hayo miaka yote, aliteleza kweli? Au alipendelea wote wachafuke, ili asibaki mmoja wa kuulizwa? Ashatu alipokuja Idi, walipika pamoja, wakala pamoja. Tabia hakumuuliza jambo, na Ashatu, aliyezoea kuimba akitwanga, alitwanga kimya.

Siku ya Somoe ikafika. Bibi harusi alikaa mkekani, kanga kichwani, na makungwi wakaegemea ukuta. Mambo mengine yote yalifundishwa kama yanavyofundishwa. Ilipofika zamu ya wimbo ule, Tabia hakuanza. Alitazama vinywa vilivyopangwa ukutani, kimoja baada ya kingine: cha Mina, cha Mwanajuma, cha Zuleha.

"Somo," Somoe akamnong'onezea kungwi wake chini ya kanga, "ule nao nifundishwe, au basi? Ndugu zangu wanauimba."

Tabia akainama, akaziba mdomo kwa kiganja, akamwambia jambo sikioni bila mahadhi. Lilikuwa refu. Somoe alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akatikisa kichwa kukubali.

"Umemwambia nini?" Mwanajuma akauliza.

"La kwake."

"Si sote tulijue?"

"Mlijue la nini? Nyinyi mmekwisha kuolewa."

Zuleha alimtolea macho. Tangu harusi ile Tabia aliitwa kuliko zamani, na kila alipoitwa aliwatoa wote nje kwanza, akafunga komeo mwenyewe. Makungwi wenziwe walikaa ukumbini wakinywa chai, wakitega masikio mlangoni na kuulizana kwa sauti ya chini anafundisha nini huko ndani.