Tyubu Iliyominywa Katikati

Huyu ni Mkono Chuma, binti wa mchimba visima aliyechimba sita na hakuna hata kimoja kilichokauka, mjukuu wa mkunga, mjane wa kaka yangu, mkandaji wa unga kwa miaka thelathini na mmoja. Jina la kuzaliwa analo, lakini nikiliandika hapa hakuna atakayejua namsema nani.

Katika kiwanda cha mikate tulikofanya kazi wote wawili, alikanda kwa mikono kabla mashine haijaja. Mashine ikaja, ikaharibika, akakanda tena. Bega la kulia likachoka kabla yake. Nesi wa zahanati akampa tyubu ya dawa ya kuchua: apake kidogo, asipake penye kidonda, asifunge kitambaa cha moto juu yake, kisha anawe mikono kwa sabuni. Wifi yangu alimtii yule nesi kuliko alivyowahi kumtii mama yetu. Alijipaka akishavua shati la kazi, wakati wa kwenda nyumbani tu, kisha akanawa mpaka viwiko. Tyubu ilikaa kwenye mfuko wa koti lake, msumarini, chumba cha kubadilishia nguo. Aliikunja kutoka mkiani, taratibu, kama mtu anayekunja mkeka.

Msimamizi wetu tulimwita Bwana Saa, maana ukimsalimia anatazama saa. Mikono yake haikujua kukanda, lakini kila donge lazima alibonyeze kwa kidole, eti anakagua. Wiki ya kisa hiki shingo ilimkaza. Alikuwa akigeuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

Alhamisi mikate arobaini ikarudishwa na wenye maduka. Inanuka dawa. Bwana Saa akatukusanya mbele ya tanuri.

"Nani hapa anapaka dawa ya kuchua?" Anauliza wote, anamtazama mmoja.

"Mimi," wifi akasema. "Nikishamaliza kazi."

"Umetutia aibu, mama. Uchafu gani huu kwenye chakula cha watu? Umezeeka, nenda kapumzike na wajukuu."

"Wajukuu wangu hawajaniita."

"Basi nakutuma mimi. Shati la kazi liache stoo. Kesho usije."

Miaka thelathini na mmoja, jamani, imefutwa kwa pumzi moja! Na lile neno, uchafu, mpaka leo sijalisahau. Yule mwanamke alikuwa akisugua kucha zake kwa brashi kabla ya kugusa unga.

Akaenda kuchukua koti. Akarudi mishipa ya shingo imemsimama, tyubu mkononi.

"Wifi, hebu tazama hapa."

Nikatazama. Mkia umekunjwa vizuri kama kawaida, lakini tumbo limebonyea, alama ya vidole viwili imebaki. Mtu ameikamua katikati. Nikainua macho, nikamwona Bwana Saa anageuka, kabati zima, kwenda kubonyeza donge jingine. Wifi naye alikuwa akimtazama.

Wifi akamfuata mpaka mezani.

"Leta mikono yako ninuse."

"Una wazimu, mama?"

"Ninao. Leta."

Akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Joto la tanuri lilikuwa limemlowesha jasho. Akajifuta uso kwa kiganja, na kidole kikapita jichoni.

Alivyopiga kelele! "Maji! Nipeni maji! Nakufa!"

Wachoma mikate wakashikilia meza kwa kicheko. Mkono Chuma hakucheka. Akamkamata kiwiko, akamburuta mpaka bombani, akamsafisha lile jicho muda mrefu, kwa hasira, kama anayeosha sufuria iliyoungua.

"Umefungua mfuko wangu," akamwambia, maji yakiendelea kumwagika. "Umepaka, hukunawa, umegusa unga. Halafu mchafu ni mimi."

Jicho lilipotulia, jekundu kama nyanya, Bwana Saa akasema, "Haya, mama, rudi mezani. Tusikuze mambo."

"Umeyakuza wewe. Uliniita mchafu mbele ya hawa. Sema mbele ya hawa hawa."

Akatazama saa.

"Hiyo haitakusaidia."

Akasema, kwa sauti ya mbu, kwamba ni yeye. Wifi akamtaka arudie: mzee wa tanuri masikio yake mazito, hajasikia. Akasema tena. Hakuomba radhi, na wifi hakumpa nafasi ya kudhani amesamehewa. Mimi pia sijamsamehe. Wifi akasimama hapo mpaka lile donge lililobonyezwa likatupwa lote, ndipo akavaa tena shati lake la kazi.

Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa mpima unga tu.

"Wifi, pua yako haikosei. Kuanzia sasa unasimama mlangoni. Hakuna mtu anayegusa unga kabla hujanusa mikono yake, awe nani." Akaelekeza kidevu kwa Bwana Saa. "Anza na huyo."